Jiko la Induksheni: Joto Huzaliwa Kwenye Sufuria

Anayetaka kununua jiko la induksheni, yaani jiko la umeme lenye uso wa kioo linalotumia sumaku, kwa kawaida huniuliza kuhusu wati na idadi ya sehemu za kupikia. Mimi ni fundi wa majiko haya, na swali langu la kwanza huwa: una sufuria gani? Jiko lenyewe halitoi joto. Joto huzaliwa ndani ya kitako cha sufuria.

Chini ya kioo kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa. Umeme wa nyumbani una masafa ya hezi 50 au 60, yaani hurudia mzunguko wake mara 50 au 60 kwa sekunde. Saketi za jiko huyapandisha hadi kilohezi 20 (mara 20,000 kwa sekunde) na zaidi, kisha huupitisha umeme huo kwenye koili. Hapo hutokea uga wa sumaku (eneo lenye nguvu za sumaku) unaogeukageuka kwa kasi kubwa. Uga huo hupenya kioo bila kukipasha, ila ukikuta chuma, huamsha ndani yake mikondo ya umeme inayozunguka. Ndiyo kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Chuma huikinza mikondo hiyo, na ukinzani huo ndio unaoleta joto.

Alumini na shaba hazifai kwa majiko mengi ya aina hii: hazishiki sumaku, na hupitisha umeme kwa urahisi mno, kwa hiyo joto linalopatikana ni dogo. Jiko huitambua sufuria hiyo na kukataa kuwaka. Chuma cha pua kipo kinachokubali na kisichokubali, kwa hiyo nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinata vizuri kwenye kitako, na kitako kiwe bapa, nunua.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni utiifu wa jiko. Maziwa yakianza kupanda, ukipunguza nguvu, joto jipya hupungua papo hapo. (Sufuria nzito hubaki na joto lake kwa muda, hiyo iondoe juu ya jiko.) Umeme mwingi huishia kwenye chakula, ilhali moto wa gesi hupoteza sehemu kubwa ya joto pembeni mwa sufuria. Hakuna mwali wala hewa ya kaboni monoksaidi, na kilichomwagika hakigandi sana, maana kioo hupata joto la sufuria tu.

Hata hivyo kioo hicho huunguza baada ya kupika, usikiguse. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwone daktari wake kabla ya kulitumia. Kikaango kitupu usikiwashie nguvu ya juu kabisa: chuma chembamba hupinda upesi, na mafuta yakimiminwa humo yanaweza kushika moto.