Milimita tatu za droo

Juzi kijana ninayemfundisha useremala aliniletea droo iliyogoma kuingia. Kabati ni milimita 450 ndani kwa ndani. Reli zetu za pembeni, zile za gololi, hula 12.7 kila upande, hivyo sanduku la droo halipaswi kuzidi 424.6 nje kwa nje. Sisi hukata 424. Lake lilikuwa 427. Akaapa kwamba alipima, na kweli nilimwona akipima. Nikamwambia alete futi kamba yake.

Wengi wakiona kulabu ya futi, kile kichuma kilichopinda nchani, inachezacheza huigonga ribiti ikaze. Usiiguse. Inacheza makusudi, kiasi cha unene wake yenyewe: ukiining'iniza kwenye ukingo wa ubao inatoka, ukiisukuma kwenye ukuta wa ndani wa kabati inarudi, na sifuri inabaki palepale. Ya kijana ilikuwa na matundu ya ribiti yaliyolika, kulabu ikisukumwa inarudi kupita kiasi na namba inasomeka kubwa. Hapo zilizidi kama milimita mbili. Ya tatu ilizidi konani, pale utepe unapokunja nawe unabaki kukisia namba.

Kwa kazi ya viungo mimi huweka futi pembeni kabisa. Nachukua rula ya chuma ya milimita 300 yenye mistari iliyochongwa, sifuri ikiwa kwenye ncha yenyewe. Rula za shule huwa na kipande kitupu kabla ya sifuri, na kipande hicho kimeua mbao nyingi. Ncha ya rula yako ikilika, anzia kwenye 100, kisha kumbuka kuzitoa. (Niliwahi kusahau, kwenye mninga mkavu wa bei. Tangu siku hiyo naandika "100" kwa penseli juu ya ubao kabla ya kuweka alama yoyote.) Kama rula ni nene, isimamishe kwa ubavu ili mistari yake iguse mbao. Ikilala, jicho likiegemea kidogo upande mmoja, alama nayo inahama.

Halafu penseli. Ile bapa ya seremala, ikichongwa kwa haraka, hutoa mstari wa milimita nzima. Sasa msumeno upite upande gani wa mstari? Ndiyo maana kuna rula zenye vitundu vidogo vinavyopitisha ncha ya penseli ya 0.5: huoni tena mstari wa rula ukijaribu kulenganisha na ncha, unaingiza tu na kuvuta. Ni nzuri, hasa kwa kuchora mstari sambamba na ukingo, lakini si lazima. Kisu chenye ncha kali na rula ya kawaida hunitosha, na kwenye mabega ya ulimi (ulimi ni ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la ubao mwingine) nakipenda zaidi, kwa sababu patasi inaingia yenyewe ndani ya mkato wa kisu.

Ukiwa na alama nyingi mfululizo, usihamishe rula. Nafasi 8, kila moja ikikosea nusu milimita upande uleule, ya mwisho iko milimita 4 nje. Hesabu zote zitoke ncha moja.

Na inchi? Mbao tunanunua 2 kwa 4, bawaba na reli zinakuja kwa milimita. Inchi ni 25.4 kamili. Anayezidisha kwa 25, kwenye inchi 80 amepoteza milimita 32. Chagua kipimo kimoja kwa kazi nzima, na futi kamba moja kwa kazi nzima.

Upana wa ndani sikuhizi sisomi namba kabisa. Nina vijiti viwili vilivyochongwa ncha. Navisukuma kwa kupishana mpaka viguse kuta zote mbili, navifunga kwa klempu, nabeba urefu huo hadi mezani na kutoa nafasi ya reli palepale.

Ile droo tuliibomoa. Kipande cha mbele na cha nyuma vilipunguzwa milimita 3 kila kimoja, na futi ya kijana sasa inapimia mchanga tu huko nje.