Shajara ya Jack the Ripper: maabara haikuthibitisha mnachodhani

Imerudi tena. Kila baada ya miezi kadhaa mtu huandika kwa kujiamini kwamba Jack the Ripper, muuaji wa wanawake wa London mwaka 1888 ambaye hajawahi kukamatwa, alishajulikana: ni James Maybrick, mfanyabiashara wa pamba wa Liverpool, aliacha shajara ya kukiri mauaji yote, na "maabara ilithibitisha wino ni wa kale". Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachonichosha. Mengine tungeweza kubishana kwenye kahawa mpaka jioni.

Historia kwa haraka. Shajara ilifika kwa wakala wa vitabu London mwezi Aprili 1992, mkononi mwa Mike Barrett, mkazi wa Liverpool aliyewahi kuuza vyuma chakavu. Kurasa 63 za mwandiko wa mkono, na mwishoni tarehe 3 Mei 1889, siku nane kabla Maybrick hajafa. Mwaka 1993 ikawa kitabu.

Sasa kipimo cha wino. Kipimo hicho kina swali moja tu: je, humu mna kitu ambacho mwaka 1889 hakikuwepo? Kikionekana, kesi imekwisha. Kisipoonekana, hujathibitisha lolote. Umekosa tu sababu ya kuitupa leo. Shajara za Hitler za mwaka 1983 zilianguka hivyo: karatasi ilikuwa na dawa ya kung'arisha weupe iliyokuja baada ya vita, ukiimulika kwa taa ya urujuanimno inawaka. Hii ya Liverpool haina zawadi kama hiyo, maana karatasi ni ya enzi ya Victoria kweli.

Na hapo ndipo watu hushangilia. Jamani, karatasi ya kale inauzwa! Hili si daftari, ni albamu, na kurasa zake za mbele zimekatwa kwa kisu. Ukitaka karatasi tupu ya zamani, huiombi mbinguni: unatafuta kitabu kilichotumika nusu, unakata zilizotumika, unabaki na zako. Tajiri wa pamba angeshindwa kununua daftari jipya? Tena Machi 1992, kabla ya safari ya London, Barrett alimwagiza muuza vitabu amtafutie shajara ya kati ya 1880 na 1890 yenye angalau kurasa 20 tupu. Tupu. Akaletewa ya mwaka 1891, ambao Maybrick alikuwa kaburini tayari.

Kuhusu wino wenyewe, sitawaficha: vipimo ni fujo. Wino wa salfeti ya chuma na tanini hukaa kwenye karatasi, ukashika hewa, ukakolea, ukaganda, na miaka ikipita ukageuka kahawia. Tone la kiyeyusho juu ya wino mkongwe halitoi kitu kirahisi. Wino mbichi huachia upesi. Mwaka 1992 mchunguzi mmoja aliona huu unaachia upesi mno. Vizuri, ila aliongeza kwamba rangi ya nigrosini iliyomo ni ya juzi, kumbe nigrosini ipo tangu miaka ya 1860, na kosa hilo likawapa watetezi ruhusa ya kutupa ripoti nzima. Mwaka 1994 maabara moja ikapata kloroasetamidi, kihifadhi cha wino wa kisasa. Chuo Kikuu cha Leeds kikapima, hakikuipata. Sampuli zenyewe ni vitone vya kukwangua. Siwezi kuyapatanisha majibu hayo mawili, na anayesema anaweza anakuuzia kitu. Kuna pia kipimo cha Marekani cha kusogea kwa ayoni (chembe za wino zenye chaji) kwenye karatasi, kilichotoa mwaka 1921, ongeza au punguza 12. Ukikiamini hicho, basi mwandishi si Maybrick wala Barrett. Wanaokinukuu husahau sehemu hiyo.

Shajara inaanguka kwa maneno yake, na hapa nitakaa.

Catherine Eddowes, mmoja wa wanawake waliouawa na Ripper, aliuawa Mitre Square, London, tarehe 30 Septemba 1888. Polisi waliorodhesha vitu vyake, na kimojawapo kimeandikwa "tin match box, empty", yaani kijikasha cha bati cha kiberiti, kitupu. Shajara inasema "tin match box empty". Msomaji wa Kiswahili hashtuki, kwa sababu sisi husema "kijikasha kitupu", sifa nyuma ya jina. Kiingereza hakisemi hivyo. Sifa hutangulia, ikiwekwa nyuma, ujue unasoma orodha ya karani: kitu kwanza, hali yake baadaye. Mtu anayekumbuka usiku wake, hata akiwa kichaa, hakumbuki kwa mpangilio wa stoo. Na orodha hiyo ilichapishwa kwa wasomaji mwaka 1987, miaka mitano kabla ya Barrett kubisha hodi.

Mary Kelly naye, aliyeuawa Novemba 9 mwaka huohuo. Magazeti yaliandika kwamba matiti yake yaliwekwa mezani. Ripoti ya Daktari Thomas Bond inasema moja lilikuwa chini ya kichwa, jingine karibu na mguu wa kulia. Shajara imeyaweka mezani. Muuaji amesahau alichofanya, ila anakumbuka kilichoandikwa gazetini!

Halafu mwandiko. Tunao wosia wa Maybrick wa Aprili 1889, na haufanani na shajara. Watetezi husema alikuwa na nafsi mbili. Haya, tuseme. Lakini shajara inadai yeye ndiye aliyejipa jina la Jack, na jina hilo lilitoka kwenye barua iliyofika Central News Agency, shirika la habari la London, tarehe 27 Septemba 1888. Mwandiko wa shajara haufanani na barua hiyo pia. Nafsi ya tatu, labda.

Linalobaki kunisumbua ni mwandishi wa kweli. Barrett alikiri Juni 1994 kwamba aliighushi, akakanusha, kisha Januari 1995 akakiri tena kwa kiapo, na tarehe za kiapo hicho hazikai sawa hata ukizipanga vipi. Halafu kuna tarehe 9 Machi 1992: siku hiyo mafundi walikuwa wakifanya kazi ndani ya Battlecrease House, nyumba ya Maybrick, na mbao za sakafu zilifunuliwa. Siku hiyohiyo Barrett alimpigia simu wakala wa London. Sadfa gani hiyo? Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ina zaidi ya miaka 30 na haijaisha. Lakini hata mtu akileta kesho ushahidi kwamba ilitoka chini ya zile mbao, kile kijikasha cha kiberiti bado kimo ndani yake, kimeandikwa kama polisi walivyokiandika kwenye orodha yao.