Umri wa Mti Katika Shamba la Sao Hill

Mafundi huniuliza mara kwa mara kwa nini mbao nyingine za msindano hutulia zikishapigiliwa kwenye kenchi, ilhali nyingine, zenye vipimo vilevile, hupinda hata kabla bati halijawekwa. Jibu ni umri wa mti, na kwangu mimi niliyesomea misitu, jibu hilo ndilo linaloeleza kwa nini tunahitaji msitu wa umma kama Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi.

Tazama ncha ya gogo lililotoka kukatwa. Katikati, kwenye kiini, pete za ukuaji ni pana na ubao wake ni mwepesi, kwa sababu sehemu hiyo ilijengwa mti ukiwa mchanga; ndiyo inayojikunja ikikauka. Kadiri unavyosogea kwenye gome, pete hubanana na ubao huwa mzito. Msindano uliokatwa ukiwa na miaka minane, kama wanavyolazimika kufanya wakulima wengi ada za shule zinapowabana, karibu wote ni sehemu hiyo changa, na hata dingdong, mashine ndogo ya kupasulia magogo, ikiupasua vizuri namna gani, haiwezi kuuongezea umri. Usipopogolewa mapema, kila tawi huacha fundo ndani ya ubao, na hapo ndipo ubao huvunjika ukibebeshwa mzigo.

Simlaumu mkulima hata kidogo. Kusubiri miaka 20 au zaidi ni jambo ambalo serikali inaliweza kuliko kaya, na shamba hili, ambalo upandaji wake wa majaribio ulianza mwaka 1939 na kupanuliwa sana katika miaka ya 1970 na 1980, limelisha viwanda vya mbao vya Mafinga na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kwa subira hiyo. Hata hivyo miti iliyopandwa kwa pamoja hukomaa kwa pamoja. Ikishavunwa, viwanda vilivyojengwa kwa kuitegemea hubaki vikidai mgao uleule, wakati miti iliyopandwa baadaye bado ni michanga. Shinikizo hilo huwaangukia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, wanaolisimamia shamba. Kwa maoni yangu, mgao wa kila mwaka ufuate kiasi ambacho shamba limeota, wala usifuate idadi ya misumeno iliyopo mjini, hata kama baadhi ya misumeno hiyo italazimika kusimama kwa muda.