Hikaye: ngano inayokumbuka chemchemi ilipo

Hikaye ni neno lilelile tunaloliita hekaya, maana sisi tulilipokea kutoka Kiarabu. Kwa Wapalestina, lakini, si kila hadithi huitwa hivyo. Hikaye ni ngano ya nyumbani ambayo bibi mtu mzima huwasimulia wanawake wenzake na watoto, hasa usiku wa majira ya baridi ambapo hakuna kazi ya shamba. Hufunguliwa kwa "kan ya ma kan", yaani palikuwepo na hapakuwepo, kama bibi zetu wanavyofungua kwa "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!" Ndani yake mna mabinti werevu, wafalme, majini, na ghule, zimwi la kike linalokula watu. UNESCO iliitangaza hikaye kuwa urithi mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa, ngano ya zimwi inahifadhije kumbukumbu? Jibu ni kwamba mapepo ya Palestina yana makazi. Daktari Tawfiq Canaan, mzaliwa wa Beit Jala, alitibu wagonjwa wa vijijini huku akiandika wanayoyaamini na kukusanya hirizi zao. Hirizi zaidi ya 1,400 alizoacha ziko leo Chuo Kikuu cha Birzeit. Mwaka 1922 alichapisha utafiti juu ya chemchemi na visima vinavyokaliwa na mapepo, akitaja kila kimoja kwa jina na mahali pake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Ain Fawwar, mashariki ya Jerusalem. Chemchemi hiyo hufoka, ikanyamaza, ikafoka tena. Wenyeji walisema chini yake wamo mapepo wawili wanaopigana daima, muungwana na mtumwa: muungwana akishinda maji hutoka, mtumwa akishinda huyazuia. Mwanajiolojia atakueleza habari ya mapango ya mawe ya chokaa yanayojaa na kumwagika. Ngano imeona jambo lilelile, na juu yake imebeba kitu ambacho jiolojia haina: kumbukumbu ya utumwa, pamoja na dharau yake ya kumfanya mtumwa ndiye mkosa. Anayerithi hikaye anarithi na hilo, na sidhani ni halali kulifuta ili hadithi ipendeze.

Mwaka 1948, katika vita vya kuundwa kwa Israel, Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au kukimbia, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila watu. Canaan mwenyewe alipoteza nyumba yake ya Jerusalem pamoja na maktaba na miswada. Hirizi zilipona kwa kuwa alikuwa amezihamisha mapema. Hikaye ziliondoka zikiwa vinywani mwa watu waliokwenda kambi za wakimbizi, nazo zikaenda na majina ya visima ambavyo wajukuu hawajawahi kuvichota.

Hapo ndipo msanii anapoingia. Jumana Emil Abboud, aliyezaliwa Shefa-'Amr mwaka 1971, alichukua maandishi ya Canaan kama ramani na kwenda kuzitafuta chemchemi zile na kuzirekodi kwa filamu. Michoro yake imejaa viumbe nusu mtu nusu mnyama, na wanawake wanaogeuka mti au maji. Anayeitazama bila kujua hikaye ataona ndoto tu. Anayezijua atamtambua ghule.

Kuna tofauti kati ya kazi hii na ya makumbusho, na kwangu ndiyo kiini cha hikaye yenyewe. Hirizi ikishawekwa kabatini haibadiliki tena. Hikaye kila bibi huisimulia kwa namna yake: anaongeza jina la jirani, anapunguza mauaji mtoto mdogo akiwapo. Msanii anayeichora upya anafanya walichofanya hao bibi, ila wino umechukua nafasi ya sauti. Ndiyo maana Abboud haishii kuchora. Huketi na watu katika vikao vya kusimulia, kila mmoja akaulizwa maji ya kwao yalikuwa wapi na nani aliyalinda, na majibu hayo huingia katika kazi inayofuata.