Mkutubi kumwona mbunge si kosa, cha kuangalia ni nani analipia

Msimu wa bajeti ya Marekani ukikaribia, dawati letu la sheria hupokea malalamiko ya aina mbili. Wananchi huuliza kwa nini wakutubi wa maktaba za tiba wanaonekana Washington wakizunguka ofisi za wabunge, kwani maktaba imegeuka chama cha siasa? Wakutubi nao huuliza kama watafukuzwa kazi wakimwandikia mbunge wao barua. Mwaka huu maswali hayo yamezidi, na kwa kuwa walioyauliza bila shaka wana nia njema, tunayajibu hapa kwa pamoja.

Maktaba ya Taifa ya Tiba iliyoko Bethesda, Maryland, ilianza mwaka 1836 kama mkusanyiko wa vitabu katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Jeshi. Iliondoka mikononi mwa jeshi kwa sheria ya 1956 iliyowasilishwa na maseneta Lister Hill na John F. Kennedy. Sheria ya 1965 ikaruhusu ruzuku kwa maktaba za tiba nchi nzima. Mwaka 2005 watafiti wanaofadhiliwa na taasisi za taifa za afya waliombwa waweke makala zao katika hazina ya mtandaoni ya maktaba hiyo, ambako umma unaweza kuzisoma bure, kwa hiari. Walioitikia walikuwa wachache mno. Bunge lilipoingiza sharti hilo katika sheria ya matumizi ya mwaka wa fedha 2008, hiari ikawa lazima, ingawa mchapishaji aliweza kuizuia makala hadi miezi 12. Tangu Julai 1, 2025 muda huo wa kusubiri umeondolewa. Kwa hiyo mtu anayesoma usiku utafiti kuhusu ugonjwa wa mama yake bila kutoa hata senti anafaidi kifungu cha bajeti ambacho kuna watu walikwenda kukiomba. Anayesema wakutubi wabaki kwenye rafu zao atueleze kifungu hicho kingeombwa na nani.

Haki ya raia kuipelekea serikali maombi imo katika marekebisho ya kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791. Hata mtumishi wa serikali kuu haipotezi, maana sheria inasema wazi kwamba haki yake ya kuwasiliana na Congress, yaani Bunge la Marekani, isiingiliwe. Asichoruhusiwa ni kutumia fedha zilizoidhinishwa na Bunge kulishawishi Bunge hilohilo. Akiandika kwa muda wake, kwa simu yake, kwa jina lake, hakuna tatizo. Akituma barua ileile saa za kazi, kwa barua pepe ya ofisi, chini yake kukiwa na cheo chake na nembo ya maktaba, tatizo lipo. Faini ya kosa hilo ilipowekwa ilikuwa kati ya dola 10,000 na 100,000 kwa kila tukio, na viwango hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Fedha za ruzuku ya serikali kuu nazo haziruhusiwi kugharamia ushawishi, na anayepokea ruzuku inayozidi dola 100,000 hutia saini tamko la kuthibitisha hivyo. Tamko hilo lisomwe kabla ya kusainiwa. Tunalazimika kulisema hili kila mwaka.

Vyama vya wakutubi na vyuo visivyo vya serikali vyenye msamaha wa kodi vina utaratibu wao. Kumpigia debe mgombea ni marufuku kabisa tangu 1954, hakuna kiasi kidogo kinachovumiliwa. Kushawishi kuhusu muswada kunaruhusiwa, lakini kwa kipimo. Chama kikijaza Fomu 5768 ya mamlaka ya kodi, ambayo ni ya ukurasa mmoja tu, kinaweza kutumia asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake, kisha asilimia 15 ya 500,000 zinazofuata, kisha 10, kisha 5, mradi jumla isizidi dola milioni moja kwa mwaka. Kati ya kiasi hicho, robo tu ndiyo inayoweza kutumika kuwahamasisha wananchi wa kawaida wawaandikie wabunge. Kinachozidi hutozwa kodi ya asilimia 25. Chama kikizoea kuvuka mpaka, yaani wastani wa matumizi yake ya ushawishi kwa miaka minne ukizidi asilimia 150 ya kiasi kilichoruhusiwa, msamaha wenyewe unaondoka. Cha ajabu ni kwamba vyama vingi havijazi fomu hiyo, vikibaki na kipimo cha zamani kisichokuwa na tarakimu, halafu vinatuuliza kiasi gani kinatosha.

Na tafadhali, kushawishi si rushwa. Kumpa mbunge karatasi ya maelezo hakujawahi kuwa rushwa. Karatasi inayoeleza jinsi wauguzi wa vijijini wanavyoitumia PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba ya maktaba hiyo, bila kuomba lolote, ni elimu. Ongeza mstari wa chini, "tunaomba uunge mkono muswada huu," na karatasi ileile imekuwa ushawishi. Saa za kuiandaa, gharama ya kuichapisha na nauli ya kuipeleka vyote vinaingia hesabuni. Kutoa ushahidi wa kitaalamu hakuhesabiwi ikiwa kamati yenyewe imekuita kwa maandishi. Mwaliko wa mbunge mmoja kwa simu hautoshi.

Wengi hurudi wakilalamika kwamba hawakumwona mbunge, bali msaidizi wake kijana. Msichukie. Mara nyingi yeye ndiye atakayeandika muhtasari ambao bosi wake atausoma kabla ya kikao cha kamati ndogo ya bajeti ya kazi, afya na elimu, na mwaka wa fedha huanza Oktoba 1, kwa hiyo kumfikia Septemba ni kuchelewa. Mwachie karatasi moja, yenye jina la kifungu na kiasi mnachoomba. Mkitoka, andikeni saa mliyoingia na mliyotoka, maana mhasibu atazitaka atakapojaza Jedwali C la Fomu 990, ripoti ya kila mwaka ya chama kwa mamlaka ya kodi.