Kufifia kwa Viwanda: Maana Yake, kwa Mfano wa Industrial Area ya Nairobi

Kufifia kwa viwanda ni hali ya mji au nchi kupoteza uwezo wa kutengeneza vitu, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Kampuni moja ikifilisika, hiyo peke yake haitoshi kuitwa hivyo, maana kampuni hufilisika hata pale biashara inaponoga. Kuhama nako ni jambo jingine. Kiwanda kinachotoka Lunga Lunga Road, ndani ya Industrial Area, kwenda Athi River au Ruiru nje ya mji, kwa kuwa kiwanja cha mjini kimekuwa ghali na malori yanakwama kwenye foleni, bado kinatengeneza. Kufifia ni pale mashine zinapong'olewa na hakuna zinazowekwa popote nchini kufanya kazi ile.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba jina la kampuni hubaki. Cadbury ilisimamisha uzalishaji wake Nairobi mwaka 2014, lakini chokoleti haikukosekana madukani. Sameer Africa, ambayo zamani ilikuwa Firestone East Africa, ilifunga kiwanda cha matairi mwaka 2016, ila matairi ya Yana yaliendelea kuuzwa, safari hii yakitengenezwa nje. Mnunuzi haoni tofauti. Mwenye hisa huenda hata akafurahi, kwa sababu kuagiza na kusambaza kunahitaji mtaji mdogo kuliko kuendesha mitambo. Anayeumia ni fundi mitambo, kwa sababu kiwanda kikishageuka godauni la bidhaa za nje, kinahitaji karani, dereva wa foklifti, mlinzi na vibarua wachache wa kupakia, basi.

Ili uelewe kwa nini kiwanda hufa, tazama tairi linavyotengenezwa. Mpira huchanganywa na masizi meusi na salfa, hupakwa kwenye nyuzi na nyaya, kisha tairi bichi huingizwa kwenye kalibu ya chuma na kuivishwa kwa mvuke, kwenye joto la nyuzi 150 hivi au zaidi. La gari dogo huchukua dakika kumi na kitu. La lori huchukua muda mrefu zaidi. Mvuke ukishuka katikati, tairi haliivi sawasawa na linakuwa taka. Huwezi kuliyeyusha uanze upya kama plastiki, kwa kuwa salfa imekwisha kuufunga mpira. Mchanganyiko nao ukikaa sana kwenye joto huanza kuiva kabla haujaingia kalibu. Kwa hiyo boila lazima iwake mfululizo, na huchoma mafuta mengi hata kama nusu ya mashine zimelala.

Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo zima. Chukua mfano wa kubuni: kiwanda kina gharama zisizobadilika za shilingi milioni 10 kwa mwezi, yaani boila, mishahara ya mafundi, kodi ya ardhi na riba ya mkopo. Kikitoa matairi 50,000, kila tairi linabeba shilingi 200 za gharama hizo. Bidhaa za nje zikikinyang'anya wateja hadi kitoe 20,000, kila tairi linabeba shilingi 500. Mwenye kiwanda akipandisha bei, anawafukuza wateja waliobaki. Asipopandisha, anauza kwa hasara. Ndiyo maana kiwanda huonekana kizima leo na kesho lango limefungwa, ingawa kilianza kufa miaka kadhaa nyuma, siku kilipoondoa zamu ya usiku.

Umeme una sura yake. Kiwanda kikubwa hakilipi yuniti peke yake. Hulipa pia kwa kilele cha mzigo wake katika mwezi, kinachopimwa kwa kVA, kipimo cha nguvu ya umeme inayovutwa kwa wakati mmoja. Ukiwasha mota zote kubwa kwa pamoja asubuhi moja tu, kilele hicho utakilipia mwezi mzima. Umeme ukikatika ghafla ndiyo balaa zaidi. Kwenye mashine ya plastiki, parafujo inayosukuma plastiki ikisimama ndani ya bomba lenye moto, plastiki hubaki ikiungua. Umeme ukirudi, kazi ya kwanza ni kusukuma nje uchafu mweusi hadi rangi itoke safi, na kilo zote hizo ni hasara.

Sababu za kisera zilikuja kwa mafungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na viwanda vya Nairobi vilivyojengwa kwa soko la nchi tatu vikapunguziwa soko kwa mpigo mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vizuizi vya kuagiza bidhaa viliondolewa, mitumba ikafurika soko la Gikomba. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku, na waliokuwa na mashine za kazi hiyo tu wakabaki nazo.

Nguo zinaonyesha namna nyingine ya kufifia: mnyororo kukatika vipande. Pamba huchambuliwa, husokotwa nyuzi, hufumwa kitambaa, hutiwa rangi, ndipo hushonwa. Kushona kumebaki, tena maelfu wanashona katika maeneo ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, kwa soko la Marekani, lakini kitambaa kingi huletwa kutoka Asia. Viwanda vya nyuzi na vitambaa kama Kicomi ya Kisumu vilikufa. Rivatex ya Eldoret ilianguka ikaja kufufuliwa baadaye. Kwa takwimu za ajira unaweza kusema sekta ya nguo ipo, na hutakuwa umedanganya. Muulize tu mkulima wa pamba.

Kwa nchi nzima, serikali ilitangaza mwaka 2017 kwamba viwanda vichangie asilimia 15 ya pato la taifa ifikapo 2022. Mwaka 2022 ulipofika, vilichangia karibu asilimia 8. Mwanauchumi Dani Rodrik huita hali hii kufifia kabla ya wakati: Uingereza ilipunguza viwanda ikiwa imeshatajirika, sisi tunapunguza kabla.

Ukitaka kujua jengo la Enterprise Road ni kiwanda au lilikuwa kiwanda, usisome kibao. Tazama bomba la boila kama linatoa moshi, na transfoma yake ukubwa gani. Ndani, angalia sakafu: misingi ya zege iliyoinuka, na bolti nene zilizokatwa kwa gesi usawa wa sakafu, mara nyingi ni alama kwamba mashine iliuzwa kama chuma chakavu. Mashine inayohamishwa kwa kawaida hufunguliwa bolti kwa spana.

Kufufua ni kugumu kuliko kuanza. Boila iliyoachwa na maji ndani huliwa na kutu, mirija ikatoboka, na haiwezi kuwashwa tena bila kupimwa kwa shinikizo na kuidhinishwa na mkaguzi. Kalibu bila mafuta ya kuzuia kutu huharibika uso, na kila kasoro hujichora kwenye bidhaa. Kisha umtafute fita, yaani fundi mitambo, aliyeijua mashine ile kwa sauti, ambaye siku hizi huenda anachomelea mageti mtaani Kariobangi.