SQLite si kanzidata ya kuchezea

Wanafunzi wengi wa programu huambiwa kwamba SQLite ni ya mazoezi tu, na kwamba mfumo wa kweli lazima uwe PostgreSQL au MySQL, kanzidata zinazoendeshwa kwenye seva. Dhana hii imedumu, ingawa SQLite imo ndani ya simu za Android na iPhone. Mwanaprogramu D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000, akifanya kazi ya programu za manowari ya Marekani. Alitaka kanzidata isiyohitaji seva wala msimamizi.

Ukubwa si hoja. Faili moja la SQLite linaweza kufika takriban terabaiti 281. Diski yako itajaa kwanza. Kinachoamua ni nani anaandika, na kutoka wapi. SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Wasomaji wanaweza kuwa wengi, na kwa hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), iliyoongezwa 2010, hawamsubiri anayeandika. Kwa duka lenye kompyuta moja ya mauzo, au tovuti inayosomwa sana na kuhaririwa mara chache, hiyo inatosha na kubaki. (Tovuti ya SQLite yenyewe hutumia SQLite.)

Ila matawi ya sacco yakipokea marejesho saa ileile kupitia mtandao, chukua PostgreSQL. Kuweka faili la SQLite kwenye folda ya mtandao ni kujitafutia balaa: kufuli za faili, zinazozuia wawili kuandika kwa pamoja, huko mara nyingi haziaminiki, na data inaweza kuharibika.

Na ripoti za kujumlisha mamilioni ya rekodi? Jaribu DuckDB. Nayo haihitaji seva, lakini huhifadhi data kwa safu wima, hivyo husoma zile tu zinazohitajika.